Samaki wangu 1,400 walikufa ndani ya wiki mbili, na bakteria waliowaua walikuwamo bwawani tangu siku ya kwanza

BintiMvomero

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo tangu masika, leo nimeamua kuliandika lote. Kila wiki humu naona mtu anauliza "samaki wangu wanakufa, niweke dawa gani?", na majibu yanayokuja ni yale yale niliyopewa mimi. Yalinitia hasara.

Bwawa langu liko Mvomero, la udongo, mita 20 kwa 15, kina cha wastani mita moja. Maji nayaleta kwa mfereji kutoka kijitoni. Mwezi wa 11 nilipandikiza vifaranga vya sato 2,400, madume watupu. Afisa uvuvi wetu alishaniambia kwamba bwawa lisilo na mashine ya kupuliza hewa, samaki watatu mpaka watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Nikapiga hesabu ya pesa, ya maji sikuipiga, nikaweka wanane.

Mpaka mwezi wa nne walikuwa wamefika wastani wa gramu 200, wanakula kwa fujo, maji ya kijani kibichi. Yalikuwa ya kijani mno. Ukizamisha mkono wima, kiganja kinapotea kabla maji hayajafika hata nusu ya njia kwenda kwenye kiwiko. Mimi nikaona hiyo ni sifa, maana tulifundishwa kwamba maji ya kijani ni chakula cha samaki.

Likaja wingu la masika, siku tatu jua halionekani. Nikaendelea kuwalisha kipimo kile kile. Alfajiri ya siku ya nne, kama saa 11 hivi, kijana wangu akaja kunigonga dirishani: "Dada, samaki wote wako juu." Nilipofika, bwawa zima lilikuwa midomo. Wamekaa usawa wa maji, wanafungua na kufumba, na ile sauti ya kunyonya hewa unaisikia ukiwa kwenye tuta. Tukafungulia mfereji wote, tukawasha pampu ya kumwagilia tukairusha maji juu ili yaangukie bwawani. Jua lilipotoka wakatulia. Waliokufa walikuwa 11 tu, nikamshukuru Mungu, nikajua yameisha.

Kosa langu la pili ni hapa. Kesho yake mteja alitaka kilo 40 za samaki wakubwa. Tukakokota wavu bwawa zima, tukachagua wakubwa, wadogo tukawarudisha. Wavu wenyewe ni wa nailoni ngumu, samaki wanapaparika humo wanachunana magamba, sisi tunawashika kwa mikono iliyokauka jua.

Siku ya tano baada ya ile alfajiri nikaona wa kwanza. Alikuwa anaelea pembeni peke yake, hakimbii hata ukimsogelea. Nikamtoa. Chini ya tumbo na kwenye mizizi ya mapezi alikuwa na wekundu kama damu imevilia, tundu la haja limevimba na ni jekundu, upande mmoja magamba yametoka na nyama inaonekana. Siku iliyofuata walikuwa 30. Halafu 90. Ilifika siku tunaokota maiti kwa matenga.

Nilikwenda duka la pembejeo. Muuzaji hakuniuliza ukubwa wa bwawa wala dalili. Akanipa unga wa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuku, pakiti tatu za gramu 100, akaniambia nimwage bwawani jioni. Nikamwaga. Vifo viliendelea kama hakuna nilichofanya. Nikaongeza pakiti mbili.

Nilipochoka nikabeba samaki watano waliokufa kwenye ndoo, nikapanda gari mpaka maabara. Wakanirudisha. Samaki aliyekufa saa nyingi zilizopita kwenye maji ya joto, kila bakteria wa bwawani ameshaingia mwilini mwake, huwezi kujua nani kamuua na nani amekuja msibani. Wakanielekeza nilete walio hai wanaoumwa, kwenye mfuko wa maji wenye hewa, au waliotolewa muda huo huo nikawaweka kwenye barafu bila kuwagandisha. Nilirudi kesho yake. Wakampasua mmoja mbele yangu: tumboni maji ya rangi ya waridi, ini lina madoa, bandama imevimba na imekuwa nyeusi. Wakachota kidogo kutoka kwenye figo, wakapanda kwenye sahani ya maabara. Jibu lilikuwa Aeromonas.

Kilichoniuma ni maneno yaliyofuata. Niliuliza hao bakteria wameingilia wapi, kwenye mbegu, kwenye chakula, au kwa jirani wa juu ya kijito? Nikaambiwa wamo kwenye maji karibu yote ya mabwawa na mito, wamo kwenye tope, wamo hata kwenye utumbo wa samaki mzima. Walikuwa wanaishi na samaki wangu miezi mitano bila ugomvi. Kilichobadilika ni samaki.

Kufikia mwisho wa wiki ya pili nimezika 1,400 na ushee. Nauliza wenye utaalamu humu: huyu samaki kinga yake ikoje, mpaka usiku mmoja wa kukosa hewa na siku moja ya wavu vitoshe kuiangusha?

KijanaWaNgerengere

Pole sana dada. Nimesoma mpaka mwisho. Ile ya kukokota wavu kesho yake mimi nimeifanya mara mbili na sikujua.

DaktariWaMabwawa

Pole BintiMvomero, na asante kwa kuandika kwa mpangilio. Mimi ni daktari wa mifugo, miaka ya karibuni nimejikita kwenye samaki. Nitajibu kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Kinga ya kwanza ya samaki ni ule utelezi. Watu wanauona kama uchafu wa kuoshwa jikoni, lakini ndani yake kuna vimeng'enya vinavyopasua ukuta wa bakteria, kuna kingamwili, na muda wote unatengenezwa mpya na ule wa zamani unaondoka na maji pamoja na vijidudu vilivyonasa. Ukimshika sato kwa mkono mkavu au ukamburuza kwenye wavu mgumu, unaufuta. Gamba likitoka, umefungua na ngozi.

Hapo linaingia jambo ambalo mtu wa mifugo ya nchi kavu halifikirii. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anayoishi, kwa hiyo maji siku zote yanataka kuingia mwilini na chumvi inataka kutoka. Mzima anamudu: figo zinatoa mkojo mwingi mwepesi, na mashavu yanavuta chumvi kutoka majini. Mwenye kidonda ana tundu lisilozibwa. Maji yanaingia, figo zinazidiwa, na bakteria wakishazishambulia hizo figo ndiyo unaona tumbo limejaa na magamba yamesimama kama ya tunda la msonobari. Ndiyo maana tunaposafirisha samaki tunatia chumvi ya kawaida kidogo kwenye tangi, gramu mbili mpaka tano kwa lita. Inampunguzia mwili kazi wakati ana majeraha na hofu. Kuua bakteria siyo shabaha yake.

Sasa kinga ya ndani. Sisi tuna uboho ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, na tuna yale matezi yanayovimba mtu akipata mtoki. Samaki hana uboho wa namna hiyo wala matezi hayo. Kazi hiyo inafanywa na sehemu ya mbele ya figo, iliyokaa nyuma tu ya kichwa chini ya uti wa mgongo, ikisaidiwa na bandama. Ndiyo sababu maabara walichota kwenye figo, na ndiyo sababu bandama ya samaki wako ilikuwa imevimba: damu yote iliyobeba bakteria inachujwa pale.

Na hiyo figo ya mbele ndiyo inayotoa kotisoli, homoni ya taabu. Kiwanda cha askari na king'ora cha hatari viko nyumba moja. Samaki akikosa hewa kotisoli inapanda ndani ya dakika chache. Ikipanda kidogo na kushuka, haina neno. Ikikaa juu siku kadhaa, chembe nyeupe zinapungua kwenye damu, zilizopo hazimezi bakteria kwa nguvu ile ile, na utengenezaji wa kingamwili unadorora. Wewe ulimpa usiku wa kukosa hewa, kabla hajatulia ukampa wavu. Aeromonas alikuwa mlangoni na mlango ukafunguka. Vifo vya namna hii karibu kila mara havitokei siku ya tukio, vinakuja siku chache baadaye, hata wiki nzima. Mfugaji anakuwa ameshasahau alfajiri ile na anatafuta mchawi kwingine.

Kuhusu lile wingu: mwani wa kijani mchana wenye jua unatoa oksijeni, usiku unaivuta kama samaki anavyoivuta. Maji yakiwa ya kijani mno, siku ya mawingu yanazalisha kidogo na usiku yanatumia nyingi. Saa 10 na saa 11 alfajiri ndio mwisho wa akiba. Na chakula alichobakiza samaki kinaoza, nacho kinakula oksijeni.

MfugajiKisarawe

Dokta heshima yako, ila mimi kwangu niliweka oksitetrasaiklini bwawani na siku ya sita vifo vikakoma kabisa. Nadhani tatizo ni dozi, dada aliweka kidogo. Tusiwatishe watu na dawa.

DaktariWaMabwawa

Mkuu MfugajiKisarawe, hebu tufanye hesabu ya bwawa la dada. Mita 20 kwa 15 kwa kina cha mita 1 ni mita za ujazo 300, yaani lita 300,000. Unga wa kuku aghalabu una asilimia 20 ya dawa yenyewe, kinachobaki ni sukari ya kuchanganyia. Pakiti tatu za gramu 100 zina gramu 60 za dawa, miligramu 60,000. Gawanya kwa lita 300,000, unapata miligramu 0.2 kwa lita. Dozi za kuogeshea samaki wakiwa kwenye tangi huanzia kama miligramu 10 kwa lita na kupanda. Alikuwa na sehemu moja ya hamsini ya dozi ya chini. Ili aifikie angehitaji pakiti 150, na hata hapo maji magumu yenye kalsiamu na magnesiamu yanaishika oksitetrasaiklini isiingie mwilini.

Kilichoingia bwawani kilitosha kufanya mabaya mawili. Dozi hafifu haiui bakteria wa ugonjwa, inawazoesha, na Aeromonas ni hodari wa kupokezana vinasaba vya usugu na bakteria wengine. Na inaweza kuwadhuru bakteria wema wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa kitu chenye sumu ndogo. Amonia ikipanda kwenye bwawa lenye wagonjwa, umewaongezea.

Kuhusu vifo kukoma siku ya sita, ninakuamini kwamba vilikoma. Mlipuko wa Aeromonas unapanda, unafika kileleni, unashuka. Dhaifu wameshakufa, msongamano umepungua kwa sababu hiyo hiyo, waliobaki mwili umeanza kupigana. Ungemwaga togwa siku ile ile ungeona vimekoma pia.

Antibiotiki ina mahali pake, sikatai. Inapitia kwenye chakula, kwa uzito wa samaki waliopo, kwa siku zilizopangwa, baada ya maabara kuonyesha ni bakteria gani na anasikia dawa gani. Inasaidia zaidi wale ambao bado wanakula, kwa hiyo ukisubiri mpaka bwawa zima limesusa chakula umechelewa. Na kuna siku za kusubiri kabla ya kuvua kuuza. Kloramfeniko msiiguse kabisa, imepigwa marufuku kwa mifugo ya chakula nchi nyingi kwa sababu ya madhara yake kwenye damu ya binadamu.

MfugajiKisarawe

Hesabu nimeirudia kwa kalamu. Ni kweli. Bwawa langu ni kubwa kuliko la dada, na mimi niliweka pakiti mbili.

MzeeWaVizimba

Wanangu, mimi niko Ukerewe, nina vizimba ziwani. Hewa siyo shida yangu sana, mawimbi yanasaidia. Shida yangu ni tofauti. Wanaokufa ni wakubwa, wa nusu kilo, wamebakiza wiki mbili waende sokoni. Vifaranga wa kizimba cha jirani hawana neno. Jicho linatoka nje kama linataka kudondoka, wengine jicho jeupe kama lina mtoto wa jicho. Na wanazunguka. Samaki anaogelea duara, anapinduka, anakwenda kama mlevi. Ilianza wakati wa joto. Daktari, hii nayo ni Aeromonas?

DaktariWaMabwawa

Shikamoo mzee. Kwa maandishi siwezi kuthibitisha, ila mkusanyiko huo (wakubwa, joto, macho, kuzunguka) unanifanya nimfikirie kwanza bakteria mwingine, Streptococcus. Huyu tabia yake ni nyingine. Anapenda maji ya joto la nyuzi 28 kwenda juu, anaingia kwenye damu na kupanda mpaka ubongoni, ndiyo maana samaki anapoteza mwelekeo. Ukipeleka sampuli, sisitiza wachukue na ubongo, siyo figo peke yake. Anaambukiza samaki kwa samaki, na njia mojawapo kubwa ni wazima kudonoa maiti. Kizimba chenye maiti chini ya wavu kimejaa chanzo cha ugonjwa.

Mambo mawili ufanye leo hii bila kusubiri maabara. Toa maiti asubuhi na jioni, uzike nchi kavu na chokaa, usirushe ziwani maana unamtupia jirani. Na punguza chakula kwa nguvu, au simamisha siku kadhaa. Najua inauma kwa samaki wa kuuza, lakini imeonekana mara nyingi kwamba vifo vya Streptococcus vinapungua samaki wakipunguziwa chakula wakati wa joto.

AkosomboTZ

Mzee shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nilifanya kazi kwenye vizimba vya Ziwa Volta, Ghana, sehemu za Akosombo. Streptococcus agalactiae tulikuwa naye kule kabla ya 2018, wakulima wamemzoea, kila msimu wanapoteza kiasi na kuendelea. Halafu 2018 vikaja vifo ambavyo hatujawahi kuviona, samaki wa kila umri, matenga kwa matenga. Watu wakakimbilia antibiotiki, kwa sababu walishajua "ni ule ule wa macho". Vipimo vikaonyesha kuna kirusi kinachoitwa ISKNV. Antibiotiki haimgusi kirusi. Na samaki wengi walikutwa na vyote viwili kwa pamoja, kirusi kimevunja kinga, bakteria anamalizia.

Mzee, nakusihi usijitibu kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Dalili zinafanana, pima kila mlipuko.

MzeeWaVizimba

Marahaba wanangu wote wawili. Kesho boti ya kwanza napeleka watano walio hai Mwanza. Wa kuzunguka nitawatoa leo leo.

DadaWaMikumi

Naomba niulize vitu viwili. Kuna chanjo ya samaki? Na je, vitunguu saumu na mlonge vinasaidia? Bibi yangu anavichanganya kwenye pumba za kambale na kambale wake hawaugui.

DaktariWaMabwawa

Chanjo ipo, tena siku nyingi. Marekani waliidhinisha chanjo ya samaki aina ya trauti kibiashara mwaka 1976. Ushahidi mkubwa zaidi uko Norway kwa samaki aina ya samoni: mwaka 1987 walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Walipopata chanjo nzuri za sindano, ndani ya miaka kama kumi matumizi yalishuka mpaka karibu tani moja, wakati huo uzalishaji wao umepanda mara kadhaa. Wanachoma kila samaki tumboni akiwa bado mdogo kwenye maji baridi, kabla hajapelekwa baharini. Kila mmoja, kwa mamilioni.

Kwa sato ipo ya Streptococcus, ya sindano. Tatizo lake ni kwamba aina za huyo bakteria ni kadhaa, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine sawasawa. Ndiyo maana sehemu nyingine wanachukua bakteria wa shamba husika, wanamuua maabara, wanatengeneza chanjo ya shamba hilo. Kwa Aeromonas ni vigumu zaidi, aina zake ni nyingi mno, na kwa bwawa la dada hewa ya kutosha majini ingefanya kazi kubwa kuliko sindano. Jambo moja la kukumbuka: mwili wa samaki unakwenda na joto la maji. Sato kwenye nyuzi 28 anatengeneza kingamwili ndani ya wiki chache. Huyo huyo kwenye bwawa la Njombe mwezi wa saba, chini ya nyuzi 20, anakula kwa shida na kinga inajikokota. Kumchanja wakati huo, au kumkokota kwenye wavu, ni kumkuta amelala.

Bibi yako nisalimie. Vitunguu saumu vimefanyiwa majaribio kwa sato, na hata glukani inayotoka kwenye hamira, na katika majaribio mengi chembe za kinga zimeonekana kuchangamka. Lakini hayo yanamsaidia samaki mzima kujiandaa. Bwawa likishawaka moto, kitunguu hakitoshi. Mimi nadhani bibi anafanya jambo jingine kubwa zaidi bila kulitaja: anachanganya chakula kibichi kila mara. Samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C, wanaitegemea kwenye chakula, na vitamini C inapotea chakula kikikaa miezi kwenye stoo ya bati. Na kikipata ukungu, sumukuvu inaharibu ini na kudidimiza kinga. BintiMvomero, mifuko yako ulikuwa unaiweka wapi?

BintiMvomero

Stoo ya bati, dokta. Nilinunua ya miezi mitatu kwa pamoja ili nipate punguzo.

KijanaWaNgerengere

Swali la haraka: hao samaki waliobaki wanalika?

DaktariWaMabwawa

Mwenye vidonda au wekundu usiuze wala usile. Waliobaki wazima, wapikwe mpaka ndani, bakteria hawa hawavumilii moto. Samaki mbichi ni jambo jingine. Mwaka 2015 Singapore watu wengi waliugua vibaya Streptococcus agalactiae baada ya kula samaki wa maji baridi wasiopikwa, wakiwemo watu wazima waliokuwa na afya nzuri, na serikali ikapiga marufuku kuuza samaki hao wabichi kwa kula. Anayeokota maiti avae glavu. Mwiba wa pezi la mgongoni ukikuchoma, au una kidonda mkononi, Aeromonas anaweza kuingia hata kwako. Mwenye kisukari asiifanye kazi hiyo kabisa.

MzeeWaVizimba

Narudisha majibu. Maabara wamesema ni Streptococcus, wameipata kwenye ubongo na figo. Hakuna dawa niliyopewa ya kumwaga. Nimesimamisha chakula siku nne, maiti zinatoka mara mbili kwa siku. Juzi walikuwa 60, jana 41, leo 22. Bado natetemeka lakini nimelala.

BintiMvomero

Miezi minne imepita tangu nifungue uzi huu, narudi na mrejesho.

Nilivua waliobaki nikakausha bwawa wiki mbili mpaka tope likapasuka, nikatoa ile tabaka nyeusi yenye harufu ya yai viza kwa toroli, nikatia chokaa, nikajaza. Nimepandikiza 1,000 tu. Chakula nanunua cha mwezi, mifuko iko juu ya mbao, mbali na ukuta. Wavu nimebadilisha, nimepata ule laini usio na fundo. Kabla ya kumshika samaki tunalowesha mikono.

Wiki iliyopita wingu lilirudi siku mbili. Siku ya kwanza nikatoa nusu ya chakula, siku ya pili sikutoa kabisa. Alfajiri nilikuwa kwenye tuta na tochi saa 10 na nusu. Walipanda juu wachache, kama 30, upande wa mfereji. Pampu ilikuwa tayari, nikaiwasha, saa 12 wakawa wameshuka. Mteja wa kilo 25 alikuwa amepanga kuja kesho yake, nikampigia simu nikamwambia aje baada ya siku kumi. Hakufurahi.

Leo ni siku ya tano. Asubuhi nimetoa kumi kwa kichota, mikono mibichi, nikamgeuza mmoja mmoja juani kuangalia tumbo, mizizi ya mapezi, tundu la haja, nikafunua mashavu. Mashavu mekundu ya kung'aa, tumbo jeupe. Hakuna doa. Nimewarudisha wote kumi, na kesho naangalia tena.